Herufi D na Almasi ya Waridi

Almasi nyeupe husifiwa kwa kile ilichokosa. Kipimo cha rangi kinachotumiwa na maabara nyingi duniani, kilichoandaliwa na taasisi ya GIA ya Marekani katika miaka ya 1950, huanzia herufi D, yaani jiwe lisilo na rangi kabisa, na kuteremka hadi Z, ambapo umanjano au ukahawia huonekana bila shida. Herufi A, B na C ziliachwa kwa makusudi, kwa kuwa wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuzitumia kila mmoja kwa maana yake, hata A ya duka moja isilingane na A ya duka la pili. Umanjano wenyewe hutokana na naitrojeni, ambayo atomu zake hushika nafasi za baadhi ya atomu za kaboni na kufyonza sehemu ya mwanga wa buluu. Mkaguzi huilaza almasi kichwa chini juu ya kisahani cheupe, kwa sababu ikitazamwa kwa juu mmeto wake huificha rangi, kisha huilinganisha na almasi nyingine ambazo herufi zake zimethibitishwa.

Usafi, yaani uchache wa punje, nyufa na mawingu yaliyobaki ndani ya jiwe, hukaguliwa kwa lenzi inayokuza mara 10 na kugawanywa katika madaraja 11. Tofauti kati ya madaraja ya juu haionekani na mvaaji wala na anayemtazama, ingawa mnunuzi huilipia.

Uzito hupimwa kwa karati, ambayo ni gramu 0.2 na isichanganywe na karati ya dhahabu, inayoeleza usafi wa madini hayo kwa sehemu 24. Kipimo cha nne, mkato, ndicho pekee kinachotegemea mkono wa binadamu, na pengine ndicho kinachostahili kutazamwa kwanza: jiwe lililokatwa kwa pembe sahihi hupokea mwanga kwa juu, huuakisi ndani na kuurudisha kwa mtazamaji, ilhali lililokatwa bapa mno au lenye kina kupita kiasi huuvujisha chini na pembeni. Mhandisi Marcel Tolkowsky alichapisha hesabu za pembe hizo mwaka 1919. Hata hivyo mkataji hushawishika kuziacha, kwani kila pembe sahihi hugharimu uzito, na bei hupanda ghafla jiwe linapofikia karati kamili.

Almasi ya waridi au ya buluu hutoka nje ya kipimo cha D hadi Z na kupimwa kwa kinyume chake, yaani rangi inavyokolea ndivyo thamani inavyopanda. Mfano maarufu, wa rangi ya waridi, ulitoka Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947, katika mgodi wa mwanajiolojia John Williamson kutoka Kanada, aliyeitoa almasi hiyo kuwa zawadi ya harusi ya binti mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilipochimbwa ilikuwa na karati 54.5, ilipokwisha kukatwa jijini London zilibaki karati 23.6, na zilizopotea, zaidi ya nusu ya jiwe, zilikuwa zimelipia umbo lake.