Gharama ya Intaneti kwa Wazee Wetu

Miongoni mwa wanachama wetu wastaafu wanaokaa katika miji ya Kenya, wako ambao nyumba zao ziliunganishwa na intaneti ya faiba wakati watoto wangali nyumbani. Watoto wamekwisha kuondoka, lakini kifurushi kimebaki kile kile, na kila siku 30 mzee hutuma fedha kwa M-Pesa kama alivyofundishwa. Anaishi peke yake, ila analipia haja za nyumba ya watu sita. Katibu wa chama huenda akalifahamu jambo hili mzee anapokuja kuomba mkopo mdogo wa dharura, na kwa kuwa kazi yake ni kusoma hesabu, yafaa alielewe.

Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Kumwona mjukuu kwa simu ya video huhitaji megabiti 2 au 3. Filamu yenye picha safi kwenye televisheni huhitaji kama 5. Magazeti na ujumbe wa WhatsApp havifiki hapo. Kwa hiyo hata mgeni akitazama mpira chumba cha pili, megabiti 15 humtosha mzee na kusaza.

Mnamo Septemba 2024 Safaricom iliongeza kasi ya vifurushi vyake vya nyumbani kwa bei zile zile: kile cha shilingi 2,999 kilitoka megabiti 10 hadi 15, na cha shilingi 4,100 kilitoka 20 hadi 30. Aliyekuwa amenunua 20 kwa ajili ya jamaa nzima alijikuta na 30, zisizo na mtumiaji. Kushuka ngazi moja kwa bei hizo huokoa shilingi 1,101 kila malipo, yaani 13,212 kwa malipo 12. Bei hubadilika, nayo makampuni ni mengi. Hapana budi kuuliza bei ya siku hiyo kabla ya kuamua.

Iko hasara nyingine ambayo twaiona kubwa zaidi kwa kuwa haionekani kwenye ankara. Nenosiri la waifai lilibadilishwa zamani, simu ya mzee haikuunganishwa tena, naye hununua bando kila siku huku faiba imelala ukutani. Kujua ni rahisi: zima data ya simu akiwa nyumbani, kisha ajaribu kutuma ujumbe wa WhatsApp. Usipokwenda, mzee analipa mara mbili.

Pengine aliongeza kifurushi kwa sababu chumbani kwake intaneti ilikuwa dhaifu. Mawimbi ya waifai hupungua yakipita kuta za mawe, na kifurushi kikubwa hakiondoi ukuta. Rauta na ihamishwe katikati ya nyumba, mahali pa juu, itoke nyuma ya televisheni na chini ya kile kitambaa cha kufuma.

Kuzungumza na mzee ndiko kwenye uzito. Amelipa kwa uaminifu miaka mingi. Akiambiwa mbele ya watu kwamba anapoteza fedha, atafedheheka. Tena huenda anaogopa kwamba mtambo ukiguswa hatamwona tena binti yake aliye kazini Doha. Basi aelezwe faraghani kwamba kifurushi cha kulipia kabla chaweza kupunguzwa kwa siku 30 kama jaribio, na asiporidhika atarudi kwenye kile cha zamani. Mwenye mkataba wa muda maalumu asome kwanza kifungu cha kuuvunja. Ikiwa akaunti ni ya mtoto, mtoto aarifiwe, kwani mabadiliko huombwa na mwenye akaunti.

Namba ya siri ya M-Pesa aibonyeze mzee mwenyewe. Katibu asiiulize, wala mtoto asiishike kwa niaba yake. Na mzee aonywe kwamba yeyote apigaye simu kuiomba, hata akijiita mtu wa kampuni, ni mwizi.

Kanuni za Kuwalinda Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano za mwaka 2010 zinampa mteja haki ya kuelezwa bei na masharti kwa uwazi. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni, yakiwa na tarehe na stakabadhi. Yasipotatuliwa, hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Katibu anaweza kumsaidia mzee kuandika barua hiyo, naye mzee akatia sahihi.