Kufuta Vidakuzi: Kadi Hutupwa, Jalada Hubaki

Watumiaji wengi wa kompyuta na simu wamepata kushauriwa wafute vidakuzi, ambavyo wengine huviita kuki, ama ili tovuti iliyokwama ifunguke, ama ili siri zao zisijulikane. Ushauri huo una manufaa, lakini mara nyingi hutolewa bila maelezo. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya watu huogopa kufuta kitu ambacho kufutwa kwake hakuna madhara makubwa, na wengine hudhani kuwa wamejikinga ilhali hawajajikinga. Makala haya yanakusudia kueleza kidakuzi ni kitu gani, na ni jambo gani hasa hutendeka kinapofutwa.

Asili ya vidakuzi

Itifaki ya HTTP, ambayo kivinjari huifuata kinapoomba kurasa kutoka kwenye seva, haina kumbukumbu. Kila ombi hupokelewa kana kwamba limetoka kwa mgeni asiyepata kuonekana. Kwa msomaji wa kurasa hali hiyo haina taabu. Lakini kwa mnunuzi, seva haiwezi kutambua kwamba aliyechagua bidhaa ya kwanza ndiye aliyechagua ya tatu. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape nchini Marekani, alibuni suluhisho: seva itoe kipande kifupi cha maandishi, kivinjari kikihifadhi, na kila kirudipo kwenye tovuti hiyo kikiwasilishe tena.

Tuchukue mfano wa hospitali. Mgonjwa hupewa kadi yenye namba, na jalada lake huwekwa masjala. Kadi haielezi ugonjwa. Kazi yake ni kumwezesha karani kulipata jalada. Kidakuzi nacho aghalabu hubeba namba tu, na kwa kawaida hakizidi baiti 4096. Si programu, hakiwezi kusoma mafaili yako wala kueneza virusi.

Vidakuzi vingine ni vya muda, navyo kwa kawaida hutoweka kivinjari kifungwapo. Vingine hupewa tarehe ya kwisha. Kivinjari cha Chrome, tangu mwaka 2022, hakiruhusu muda huo kupita siku 400. Aidha, viko vidakuzi vinavyowekwa na kampuni za matangazo zilizopachika matangazo yao katika tovuti nyingi. Kampuni ya namna hiyo huweza kumtambua mtu yule yule katika tovuti ya habari, ya viatu na ya dawa, ikaunganisha nyendo zake. Safari huvizuia vyote tangu mwaka 2020. Google nayo ilitangaza mwaka huo huo nia ya kuviondoa katika Chrome, lakini mwaka 2024 iliiacha azma hiyo.

Kinachofutwa na kisichofutwa

Ukifuta vidakuzi, tovuti hazikutambui tena. Utatakiwa kuingia upya katika akaunti zako, chaguo lako la lugha huweza kupotea, na hata kukataa kwako kufuatiliwa husahauliwa, kwa kuwa jibu hilo nalo huhifadhiwa katika kidakuzi.

Hata hivyo, maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika kivinjari hayafutiki, wala historia ya kurasa ulizozifungua, isipokuwa uviteue navyo. Muhimu zaidi, kumbukumbu zilizomo katika seva hubaki zilivyo. Mgonjwa akiitupa kadi, jalada lake haliungui. Akijitambulisha tena kwa jina lake, karani atalitoa lile lile.

Hatari iliyo kubwa

Kidakuzi cha akaunti iliyofunguliwa ni sawa na ufunguo. Mwenye nacho huweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwenye akaunti, bila kuulizwa neno la siri. Kwa sababu hiyo, anayetumia kompyuta ya kukodi akaondoka bila kutoka katika akaunti yake humwachia anayefuata barua zake, na pengine fedha zake.

Tena, ikiwa kidakuzi kimekwisha kuibwa, kukifuta katika kompyuta yako hakumzuii mwizi, kwa maana yeye anayo nakala. Yakupasa uiamuru seva yenyewe iikatae: toka katika akaunti ukitumia sehemu ya kuondoa vifaa vyote, kisha ubadilishe neno la siri.

Hitimisho

Kufuta vidakuzi ni usafi mzuri, hasa katika kompyuta ya watu wengi, lakini si dawa ya kila ugonjwa. Anayetaka kumbukumbu zake ziondolewe hana budi kumwendea anayezihifadhi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi zimempa mwananchi haki ya kudai hivyo katika hali zilizotajwa humo. Haki hiyo ndiyo inayolifikia jalada. Kitufe cha kufuta huishia kwenye kadi.