Anwani Zinazojijaza Zenyewe: Namna ya Kuzisimamia Katika Barua Pepe

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kiswahili katika sekta ya Kanama, wilayani Rubavu, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Ni mwisho wa muhula. Amekamilisha alama za mwaka wa tatu wa sekondari na anataka kumpelekea mkuu wa taaluma, aitwaye Uwimana. Anaandika herufi tatu tu, U, W na I, na programu inamletea anwani nzima. Anabonyeza Enter, anaambatisha faili, anatuma. Kesho yake anagundua kwamba aliyepokea ni Uwimana mwingine, mzazi wa mmoja wa wanafunzi, ambaye sasa anazo alama za darasa zima pamoja na maoni juu ya tabia ya kila mtoto.

Mwalimu huyu ni wa kubuni tu, lakini kosa lake ni la kawaida. Makala haya yanaeleza kosa hilo linatokeaje na namna ya kulizuia.

Programu ya barua pepe huweka kumbukumbu ya anwani ulizowahi kuandikia. Unapoanza kuandika jina, hulinganisha herufi zako na kumbukumbu hiyo, kisha hukupendekezea zile zinazofanana. Aghalabu anwani uliyoitumia mara nyingi au hivi karibuni ndiyo hutangulia. Ifahamike kwamba kumbukumbu hii ni tofauti na kitabu cha anwani. Katika kitabu cha anwani huingia mtu uliyemweka kwa hiari yako; katika kumbukumbu huingia hata mtu uliyemwandikia mara moja miaka mitano iliyopita. Ikiwa uliwahi kukosea herufi moja ya anwani, kosa hilo nalo huhifadhiwa na kupendekezwa tena.

Nchini Rwanda tatizo hili lina sababu ya ziada ambayo sisi wa lugha twaweza kuielewa vizuri. Kwa desturi, jina la Kinyarwanda halirithiwi katika ukoo. Kila mtoto hupewa lake, hata ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na majina tofauti, na watu wasiohusiana kabisa huweza kuwa na jina moja. Aidha, majina mengi huanza kwa viambishi vilevile. Uwimana ni “wa Mungu” na Uwamahoro ni “wa amani”. Niyibizi ni “ndiye ajuaye”, na Niyonsenga ni “ndiye nimwombaye”, anayekusudiwa akiwa Mungu. Muka-, kama katika Mukamana, ni ndugu wa neno letu “mke”. Kompyuta haijui maana wala mtu, inaona herufi za mwanzo tu. Ukitumia majina ya ubatizo hupati nafuu kubwa, kwani Jean Pierre, Jean Bosco na Jean de Dieu wote huanza kwa herufi zilezile nne.

Wakubwa nao hukosea. Mwezi Novemba 2014, kabla ya mkutano wa viongozi wa nchi za G20 mjini Brisbane, mtumishi wa idara ya uhamiaji ya Australia alituma namba za pasipoti na maelezo mengine ya viongozi 31 kwa mtu wa kamati ya mashindano ya soka ya Kombe la Asia. Hakuhakiki anwani ambayo programu ilikuwa imemjazia. Habari hizo zilifichuka mwaka 2015.

Je, tufanye nini? Hatua ya kwanza ni kuondoa anwani mbovu moja moja. Katika Outlook ya kawaida ya Windows, anza kuandika jina. Orodha ikitokea, shuka kwa mshale hadi kwenye anwani usiyoitaka, kisha bonyeza Delete, au bofya alama ya X iliyo kando yake. Kufanya hivyo hakumfuti mtu huyo katika kitabu chako cha anwani, huondoa pendekezo tu. Ukitaka kuanza upya, ingia kwenye menyu ya faili, kisha chaguo, kisha barua. Katika sehemu inayohusu kutuma ujumbe utakuta kitufe cha kufuta orodha yote, na pia mahali pa kuzima mapendekezo.

Watumiaji wa Gmail watakuta anwani zilizojihifadhi katika ukurasa wa anwani za Google, chini ya kundi la watu wengine. Hapo huweza kufutwa. Katika mipangilio ya jumla ya Gmail kuna chaguo la kuamua iwapo kila unayemwandikia kwa mara ya kwanza ahifadhiwe, au uongeze watu mwenyewe. Kwa wanaotumia Thunderbird, anwani hizo hukaa katika kitabu maalumu cha anwani zilizokusanywa. Kifungue na ufute zisizofaa, au uzime ukusanyaji huo katika mipangilio ya uandishi wa barua.

Hatua ya pili ni kuyapa majina alama ya kutofautisha. Mwandike mtu katika kitabu cha anwani pamoja na kazi yake: “Uwimana, mkuu wa taaluma” na “Uwimana, mzazi”. Pendekezo likitokea, utaona tofauti kabla ya kubonyeza.

Hatua ya tatu ni mpangilio wa kazi. Andika barua na uambatishe faili kwanza, anwani iwe ya mwisho. Kwa njia hii barua haiwezi kuondoka kwa bahati mbaya, na jicho lako hutua kwenye anwani wakati wa kutuma. Soma anwani yenyewe hadi baada ya alama ya @, usiishie kwenye jina. Gmail pia huruhusu kurudisha barua ndani ya sekunde 5, 10, 20 au 30. Chagua 30.

Kwa walimu wanaotumia kompyuta moja ya ofisi, kuna jambo la kuongeza. Kivinjari nacho huweza kukumbuka ulichoandika katika kurasa za mtandao. Kufuta orodha ya barua pepe hakutoshi. Toka kabisa katika akaunti yako kabla ya kumwachia mwenzako kiti.

Na iwapo barua imekwisha kupotea njia, usinyamaze. Mwandikie aliyeipokea, mwombe aifute bila kuisambaza, kisha mjulishe mkuu wa shule mapema. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi inaitaka taasisi inayosimamia taarifa hizo kutoa ripoti kwa mamlaka husika ndani ya saa 48 baada ya kubaini kwamba zimevuja. Ukificha hadi wiki ijayo, unamfunga mikono mkuu wako.

Alama za mtoto ni siri yake na ya wazazi wake. Kuilinda siri hiyo hakuhitaji utaalamu mkubwa wa kompyuta. Dakika kumi za kusafisha orodha kila mwisho wa muhula, na kusoma anwani hadi mwisho kabla ya kutuma, zinatosha.