Fizi na Baraka: utajuaje kama mbwa wako ana mimba kweli?

Katika parseli nyingi za muji wa Baraka, na zaidi katika vijiji vya Fizi, mbwa hafungwi. Anatembea usiku, anarudi asubuhi, anakula ugali na ndagala zilizobaki, analala. Siku moja mwenye mbwa anaona tumbo limekuwa kubwa, na kila jirani anatoa jibu lake. Mmoja anasema ni mimba, mwingine anasema ni minyoo, wa tatu anasema amekula kitu kibaya. Yeyote kati yao anaweza kuwa amesema kweli, kwa sababu tumbo peke yake halitoshi kwa kujua. Tena, mimba ikifikia kuonekana kwa tumbo, zaidi ya nusu ya muda wake imekwisha kupita.

Mbwa anabeba mimba kwa siku 63 hivi, ni kusema majuma tisa. Ukihesabu toka siku alipopandwa, anaweza kuzaa kati ya siku ya 58 na ya 68, ao hata kupita kidogo, juu mbegu za dume zinaweza kukaa ndani ya jike siku kadhaa zingali hai. Kwa hiyo mtu ambaye aliandika tarehe ako mbele kuliko mwenye kupapasa tumbo kila siku. Mbwa akipandwa tarehe 1 Machi, kuzaliwa kungojewe karibu na tarehe 3 Mei. Kalenda ya ukutani inatosha, ao telefone.

Lakini tarehe ya nini? Jike anaingia katika joto mara mbili kwa mwaka hivi, na joto la kwanza linaweza kuja akiwa na miezi sita tu. Kwanza uke unavimba na damu inatoka kidogo kidogo. Siku hizo madume wote wa kartie wanakuja kulala kwenye mlango, lakini yeye anawafukuza. Kisha siku tisa hivi, damu inakuwa nyepesi, anasimama na kupeleka mkia pembeni. Hapo ndipo anakubali. Watu wengi wanafikiri damu ikipungua hatari imekwisha, na wanamwachilia mbwa. Kumbe ndiyo siku zenyewe.

Dume na jike wakipandana wanafungana, wakati mwingine dakika 30 nzima. Watoto wanakimbia kuwapiga mawe na kuwamwagia maji wakidhani watazuia mimba. Haizuii kitu, mbegu zimekwisha kuingia, na kuwavuta kwa nguvu kunaweza kuwaumiza wote wawili. Tena jike mmoja anaweza kupandwa na madume wengi katika joto moja, na watoto wa uzazi mmoja wakawa na baba tofauti. Hivyo mwenye kushangaa kuona mweusi na mwekundu pamoja asimshitaki jirani.

Majuma mawili ya kwanza hakuna cha kuona. Katika juma la tatu na la nne, mbwa anaweza kukataa chakula siku mbili tatu, akawa mvivu, hata kutapika kidogo. Chuchu zinaanza kuwa nyekundu-nyekundu na kusimama. Kwa mbwa ambaye hajazaa hata mara moja hiyo inaonekana vizuri. Toka juma la tano tumbo linaongezeka, uzito unapanda. Katika majuma mawili ya mwisho, ukiweka mkono taratibu pembeni mwa tumbo akiwa amelala, unaweza kusikia watoto wanacheza.

Mkono wa veterineri unaweza kujua mapema zaidi. Karibu na siku ya 28, kila mtoto ako ndani ya kifuko cha mviringo, kinene na kigumu kidogo, sawa na ngazi kubwa ya muchikichi. Veterineri anashika tumbo kwa vidole, pande mbili, na anavisikia vimejipanga. Ile nafasi ni fupi: kisha siku ya 35 vifuko vinaungana, vinakuwa laini, na mkono haujui tena kutofautisha. Ndiyo maana tarehe ina kazi. Mbwa wa tarehe 1 Machi anapashwa kupelekwa kwa veterineri mwisho wa Machi, si katikati ya Aprili. Na hiyo ni kazi ya mtu aliyejifunza. Mwenye mbwa akifinya tumbo kwa nguvu anaweza kuharibu mimba aliyokuwa anaitafuta.

Kuna na mashini. Ekografi inaonyesha mimba toka siku ya 25 hivi, pamoja na moyo unaopiga. Radio ya mifupa inafaa kisha siku ya 45, wakati mifupa ya watoto imeanza kukomaa, na kwa kuhesabu watoto vizuri ni lazima kungoja karibu na siku ya 55. Kuna pia kipimo cha damu kinachotafuta homoni inayoitwa rilaksini, kinachofaa kisha mwezi mmoja hivi. Kwa mkaaji wa Lulenge ao Ngandja, mashini hizo ziko mbali. Kwake yeye tarehe, macho na mkono wa veterineri ndivyo vinabaki, na vikifuatwa vizuri vinasaidia sana.

Kipimo cha mkojo cha wanawake, kile kinachouzwa katika farmasi, hakifai kwa mbwa. Kinatafuta homoni ambayo mbwa hatengenezi hata akiwa na watoto kumi tumboni. Kitaandika hapana kila mara, na mwenye mbwa atapoteza franka zake bure.

Mwili wa mbwa wenyewe unaweza kudanganya. Kisha joto, homoni ya kulinda mimba inapanda kwa jike aliyepandwa na kwa asiyepandwa karibu sawasawa. Majuma sita ao nane yakipita, asiyekuwa na kitu anaweza kuvimba matiti, kutoa maziwa, kuchimba shimo chini ya kitanda na kulinda kiatu kama mtoto wake. Ni mimba ya uongo. Mara nyingi inaisha yenyewe ndani ya majuma machache. Tusimkamue: kukamua kunaita maziwa mengine.

Kibaya zaidi ni usaha katika kizazi. Unakuja majuma machache tu kisha joto, wakati uleule watu wanangojea mimba, na tumbo linavimba vilevile. Lakini huyu anakunywa maji mengi sana, anakojoa ovyo, hana nguvu, hali, na wakati mwingine uchafu wenye harufu mbaya unatoka chini. Wengine hawatoi uchafu wowote, na hao ndio wanakufa haraka zaidi. Mtu akisema “tungoje azae”, mbwa anaweza kufa mbele ya siku ya kuzaa kufika. Huyo anaomba veterineri siku ileile.

Tumbo la minyoo nalo linajulikana: limejaa, lakini mgongo na mbavu zinaonekana, manyoya hayang'ai, na chuchu hazibadiliki. Hapa ndipo wengi wanakimbilia albendazole ya watu. Kwa mbwa mwenye mimba, dawa hiyo inaweza kuharibu watoto tumboni. Oxytetracycline, ambayo wafugaji wanaijua sana kwa ng'ombe na mbuzi, nayo inaharibu meno na mifupa ya watoto. Ibuprofène ni sumu kwa mbwa yeyote, mwenye mimba ao asiye nayo. Veterineri ako na dawa ya minyoo inayokubalika wakati wa mimba, lakini lazima ajue kwanza kwamba mimba iko.

Chakula kisiongezwe sana mpaka juma la tano. Toka hapo aongezewe polepole, mara nyingi kwa siku lakini kidogo kidogo, kwa sababu watoto wanabana tumbo. Mbwa wa kuwinda asipandishwe milimani katika majuma matatu ya mwisho. Kutembea karibu na nyumba kunatosha.

Mwenye termometre anaweza kupima joto la mwili kupitia njia ya haja kubwa. Kwa kawaida ni kati ya 38 na 39. Likishuka chini ya 37,5, kuzaa kunakuja mara nyingi ndani ya siku moja. Aitwe veterineri kama mbwa anasukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto kutoka, kama saa mbili zinapita kati ya mtoto na mtoto huku wengine wangali ndani, ao kama maji ya kijani yanatoka mbele ya mtoto wa kwanza. Watoto wapewe dawa ya minyoo toka juma la pili, kwani wengi wanazaliwa nayo tayari, na minyoo hiyo inaingia pia kwa watoto wa nyumba wanaocheza nao.