Je, Wajua? Familia za Askari wa Kipolandi Zilikaa Jirani Yetu

Ukitoka Pasua, Moshi, ukashika barabara ya Arusha, kabla hujaingia mjini Arusha utafika Tengeru. Hapo, tangu 1942, waliishi wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, karibu wote akina mama na watoto. Wasovieti walikuwa wamewahamishia Siberia na Kazakhstan kwa nguvu. Walipoachiwa walipitia Iran hadi Tanganyika.

Wanaume wao wengi walikuwa vitani katika jeshi la Jenerali Władysław Anders, wakiwa askari wa Kipolandi waliopigana chini ya amri ya Waingereza. Mei 1944 walipandisha bendera yao Monte Cassino, Italia, na wengi walizikwa hukohuko. Hebu mfikirie mama aliyekuwa akiusubiri ushindi wa vita ndani ya kibanda cha duara, chini ya mlima Meru. Ushindi ulikuja, lakini nyumbani mashariki mwa Polandi kulikuwa kumemegwa na Wasovieti. Familia nyingi zikahamia Uingereza, Kanada na Australia.

Waliofia Tengeru wamebaki. Makaburi yao yapatayo 150 yanatunzwa hadi leo: misalaba, na kati yake nyota ya Daudi kwa Wayahudi wa Polandi.