Winchester ya marehemu babu ina thamani gani?

SI jambo geni katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma kwa mzee wa boma kuaga dunia, matanga yakaisha, na watoto wanapoanza kupanga mali yake wakakuta darini bunduki kuukuu iliyoviringishwa kwa gunia. Mmoja atasema iuzwe. Mwingine amesikia kwamba Wazungu hununua silaha za kale kwa mamilioni. Kabla ya wiki kwisha, dalali asiyejulikana alikotoka amekwisha kufika langoni na bei mdomoni.

Hapo huzuka maswali mawili. La kwanza ni thamani ya silaha yenyewe. La pili ni nani mwenye haki ya kuwa nayo wakati thamani hiyo inapotafutwa. Nchini Kenya swali la pili hutangulia, kwa kuwa anayelipuuza huenda akajikuta kizimbani kabla hajapata jibu la lile la kwanza.

Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, yamkataza mtu yeyote kununua, kupokea au kuwa na bunduki ama risasi bila cheti. Cheti hicho hutolewa kwa mtu kwa jina lake. Hakirithiwi pamoja na shamba na ng'ombe. Mzee anapofariki, cheti chake hakimkingi mwanawe, hata kama bunduki haijafyatuliwa tangu uwindaji wa wanyama ulipopigwa marufuku mwaka wa 1977.

Kwa hivyo mrithi asiikoki, asiguse kifyatulio, wala asiitie kwenye mfuko na kupanda matatu kuelekea Kitale mjini. Na aichukulie kuwa ina risasi hadi mjuzi athibitishe vinginevyo. Linalofaa ni kupiga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu na kuwaacha maafisa waje kuichukua. Ahakikishe kwamba maelezo yote, yaani aina ya bunduki, nambari iliyochongwa juu yake, jina la marehemu na cheti cha zamani kikiwapo, yameandikwa katika kitabu cha matukio na kwamba amepewa nambari ya OB. Silaha ikiwa salama mikononi mwa polisi, wasimamizi wa mirathi wanaweza kuwasilisha maombi yao kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki.

Wanaoona ushauri huu kuwa wa woga wakumbuke eneo tunalolizungumzia. Mapigano ya Mlima Elgon ya kati ya 2006 na 2008, pamoja na operesheni ya kijeshi iliyoitwa Okoa Maisha iliyoanza Machi 2008, yaliacha makovu ambayo hayajafutika katika vijiji vya Cheptais na Kapsokwony. Huko, bunduki isiyo na karatasi si pambo la ukutani.

Tugeukie sasa silaha yenyewe. Bunduki ya marisau hurusha chembe nyingi za risasi kwa mara moja. Ile ya pampu huwa na mtutu mmoja, na chini yake bomba la kuhifadhia risasi lililovikwa kishikio cha mbao. Mpigaji hukivuta kishikio hicho nyuma, ganda lililotumika likatoka, kisha hukisukuma mbele na risasi mpya ikaingia. Ni uvumbuzi wa Kimarekani. Christopher Spencer alitengeneza ya kwanza iliyofaulu sokoni miaka ya 1880, na baadaye John Browning akaibunia kampuni ya Winchester muundo wa 1893 na ule wa 1897.

Asili hiyo ya Kimarekani ndiyo inayoifanya bunduki ya pampu kuwa adimu kidogo katika nyumba za zamani za Trans Nzoia. Walowezi wengi waliogawiwa mashamba huko kuanzia 1919 na 1920 walikuwa wanajeshi wa Uingereza waliotoka katika Vita Vikuu vya Kwanza, nao Waingereza wa tabaka hilo walipenda bunduki ya mitutu miwili. Ya pampu waliiona kuwa chombo cha watu wasiojua adabu za uwindaji. Baada ya 1962 mashamba hayo yalipoanza kugawanywa kuwa makazi ya Waafrika, yakiwemo yale ya Ndalu na Naitiri ambayo sasa yako Bungoma, vitu vingi vya walowezi vilibaki au viliuzwa pamoja na nyumba. Lakini uchache wa kitu Kitale hauifanyi bei yake kupanda Chicago. Winchester ya 1897 iliendelea kutengenezwa hadi 1957, na zaidi ya milioni moja ziliuzwa. Muundo wa 1912 uliofuata ulikaribia milioni mbili. Mkusanyaji wa Marekani hahitaji kuvuka bahari kuja kutafuta bunduki ambayo jirani yake anayo.

Anachokitafuta ni ile iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani. Rangi nyeusi yenye mng'ao wa samawati juu ya chuma ni ya asili au ilipakwa baadaye? Pembe za chuma bado ni kali, au zimeviringwa na msasa? Herufi zilizochongwa juu ya mtutu zasomeka? Kitako ni kile kile, na skurubu zake hazijachunwa na bisibisi? Katika Winchester ya 1897 inayofunguka vipande viwili, nambari huchongwa mahali pawili: kwenye mwili wa bunduki na kwenye kipande kinachoshika mtutu. Zisipolingana, hizo ni bunduki mbili zilizooana, na bei hushuka ipasavyo.

Hapa ndipo familia nyingi hujiharibia zenyewe. Wakitaka mali yao ipendeze mbele ya mnunuzi, humwita fundi wa samani aipige msasa na vanishi, na chuma kikasuguliwa hadi kikang'aa kama sufuria mpya. Alasiri moja ya bidii kama hiyo yaweza kuondoa zaidi ya nusu ya thamani, na hakuna fundi awezaye kuirejesha. Kutu jepesi ni afadhali kuliko mng'ao wa uongo. Mtutu uliokatwa ni mbaya zaidi: mkusanyaji huugeuzia kisogo, na polisi huanza kufikiria ujambazi.

Umri nao una hesabu zake. Sheria ya kitaifa ya Marekani huitambua kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1899, kwa hiyo Winchester ya 1897 iliyotoka kiwandani katika miaka miwili ya mwanzo huwa na soko pana kuliko dada yake wa 1910, ingawa macho hayawezi kuzitofautisha. Nambari ndiyo huamua. Mrithi wa Kenya asiichukue kanuni hiyo ya ugenini kuwa ngao yake mbele ya hakimu wa Bungoma.

Nambari pia husaidia kupima hadithi, na hadithi ni nusu ya biashara hii. Wabukusu walikuwa na bunduki kabla ya utawala wa Waingereza kukita mizizi. Juhudi za kuwapokonya silaha hizo zilichangia vita vya mwaka wa 1895, pale kikosi cha Charles Hobley kilipozishambulia ngome za Lumboka na Chetambe. Silaha inayoweza kuthibitishwa kwamba ilikuwa Chetambe ingekuwa hazina. Lakini mtu akikuonyesha Winchester ya 1897 na kuapa kwamba babu wa babu yake aliishika katika vita hivyo, huna haja ya kumwita mtaalamu kutoka ng'ambo. Bunduki hiyo ilikuwa haijazaliwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa zile ziitwazo bunduki za mahandaki. Wanajeshi wa Marekani waliingia nazo vitani Ufaransa mwaka wa 1918, zikiwa na bati lenye matundu juu ya mtutu na mahali pa kufungia singe, na Ujerumani ikalalamika rasmi mwezi Septemba mwaka huo kwamba ni silaha za kikatili. Za kweli huuzwa kwa maelfu ya dola, na kwa sababu hiyo za bandia hazihesabiki. Zilikuwa mali ya jeshi la Marekani, si la Uingereza, basi ile inayosemekana kuletwa Kitale na mlowezi ihojiwe mara mbili.

Hadithi inapothibitishwa, hata hivyo, kanuni zote hizo za rangi na skurubu hupinduka. Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza kipindi chake cha urais wa Marekani, aliwinda Uasin Gishu na kando ya mto Nzoia mwaka wa 1909, na katika safari hiyo ya Afrika Mashariki alibeba bunduki ya marisau aliyozawadiwa na mtengenezaji wake, Ansley Fox. Ilikuwa ya mitutu miwili. Mwaka wa 2010 ilipigwa mnada Marekani ikafikia dola 862,500. Walionunua walilipia jina, barua na picha. Mbao na chuma vilikuwa ziada.

Mfano wa pampu ni Ernest Hemingway, aliyekuja Kenya mwaka wa 1953 na Winchester ya muundo wa 1912. Kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa imewahi kuungua na kubadilishwa kitako mara tatu. Ingekuwa ya mtu mwingine, mpimaji angeiweka kwenye fungu la vipuri.

Kwa hiyo risiti ya duka la Nairobi, cheti kilichofifia wino, picha ya mlowezi akiwa na bunduki barazani, au barua ya kuuziana shamba inayoitaja silaha hiyo kwa nambari, vyote hivyo visitupwe pamoja na magazeti ya zamani. Na mtutu utazamwe kama una mhuri wa Kiingereza unaosema kwamba bunduki haikutengenezwa Uingereza. Wakaguzi wa huko waliupiga juu ya silaha za kigeni zilizopitia mikononi mwao, nao ni ushahidi wa njia iliyopita kuja Afrika.

Je, iko salama kupigwa? Mkusanyaji hapigi, na mrithi asijaribu. Muundo wa 1893 ulikusudiwa baruti nyeusi ya kale. Ya kisasa ina nguvu ambazo chuma chake hakikutarajia, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuundwa kwa ule wa 1897 ulio imara zaidi. Bunduki nyingi za zamani za geji 16 zilitengenezewa risasi fupi kuliko za sasa. Tena Winchester ya 1897 ina tabia ambayo haimo katika nyingi za leo: kifyatulio kikiwa kimeshikwa, hulipuka papo hapo kishikio kinaposukumwa mbele. Asiyejua hilo aweza kumuua aliyesimama mbele yake.

Tukija kwenye bei, ile iliyochakaa kwa matumizi ya kawaida hupata dola mia chache katika soko la Marekani. Ondoa vibali vya kuitoa nchini na kuiingiza huko, usafirishaji na ada ya dalali, ndipo uone kinachobaki. Hapa nyumbani mnunuzi halali ni mwenye cheti au muuzaji aliyeidhinishwa, nao si wengi. Dalali wa langoni anayetaja mamilioni na kukataa kwenda nawe kituoni ni ndugu wa wale walioeneza uvumi wa zebaki nyekundu, uliowafanya watu Saudi Arabia kung'ang'ania cherehani kuukuu mwaka wa 2009.

Kuna njia nyingine isiyoleta pesa. Hugh Stoneham, mlowezi na mwanajeshi, alianzisha makumbusho yake binafsi karibu na Kitale mwaka wa 1926. Alipofariki mwaka wa 1966 aliliachia taifa mkusanyiko wake, na jengo la sasa likafunguliwa mjini mwaka wa 1974. Familia yenye bunduki isiyoitaka, lakini yenye historia iliyoandikwa, inaweza kuzungumza na wasimamizi wa makumbusho hayo huku silaha yenyewe ikiwa bado kituoni. Mazungumzo hayo yafanywe mapema. Mnamo Novemba 2016 serikali iliteketeza bunduki 5,250 mjini Ngong, na rundo la aina hiyo linapowashwa moto hakuna anayesimama kusoma nambari.