Dhana ya "Athari Nje ya Shabaha" katika Vizuizi vya Kinasi: Tatizo la Istilahi

Makala haya yanajadili dhana moja ya famasia ambayo mfasiri wa Kiswahili hana budi kuielewa kabla ya kuipa jina. Kinasi za protini ni vimeng'enya vinavyohamisha fosfati kutoka katika molekuli ya ATP na kuibandika kwenye protini nyingine, na hivyo kuwasha au kuzima kazi za seli. (Neno kimeng'enya, kwa kuwa latokana na kitenzi -meng'enya, lapotosha kidogo hapa: kinasi haisagi chochote.) Mwaka 2002 ilichapishwa orodha ya jeni 518 za kinasi za binadamu. Takriban zote zina kishimo cha kupokelea ATP, na vishimo hivyo hufanana mno. Dawa iliyoundwa kuziba kishimo cha kinasi moja huweza, kwa hiyo, kuziba na cha jirani yake.

Tuchukue imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kutibu aina moja ya saratani ya damu. Shabaha yake ni kinasi ya BCR-ABL; lakini huzuia pia KIT, ambayo seli zinazotengeneza rangi ya ngozi huihitaji. Baadhi ya wagonjwa, hususan wenye ngozi nyeusi, hung'aa rangi. Tumfikirie mgonjwa wa namna hiyo akiishi Kalangalala, mjini Geita. Majirani watasema anajichubua kwa mkorogo. Iwapo karatasi ya maelezo imeandikwa "madhara", naye ataamini kuwa dawa inamdhuru, ataiacha, na ugonjwa huenda ukarudi.

Kwa mtazamo wetu, madhara halifai. Athari, ambalo asili yake ya Kiarabu ni alama iliyoachwa na kitu, ni bora zaidi, ingawa magazeti yetu yamezoea kulitumia kwa mabaya tu. Wala "athari isiyokusudiwa" haitoshi. Mwaka 2002 imatinibu iliidhinishwa kutibu uvimbe fulani wa saratani wa tumbo na utumbo, na huko KIT ndiyo iliyokusudiwa! Shabaha hubadilika kwa kufuata ugonjwa, ilhali dawa ni ile ile.

Aidha, matokeo ya neli ya maabara si ya seli hai. Ndani ya seli ATP huwa nyingi kuliko ilivyo kwa kawaida katika neli, nayo hushindania kishimo na dawa. Kinasi iliyozuilika huko huenda isizuilike huku. Kinyume chake, mwaka 2007 ilibainika kuwa imatinibu hujishikiza pia kwenye NQO2, kimeng'enya ambacho si kinasi kabisa, na ambacho jaribio la kinasi peke yake lisingalikigundua.

Kwa wanataaluma, basi, twapendekeza "athari nje ya shabaha". Kwa mgonjwa wa Kalangalala istilahi haihitajiki; aambiwe hivi: "Dawa hii hugusa pia seli zinazoipa ngozi rangi. Weupe huo si wa mkorogo. Usiiache dawa kabla ya kumwona daktari."